Hivi wachezaji wa hoki ya barafu wanabebaje kufungwa, na ushindi wao ni wa nani hasa?

Nyota_ya_Saba:

Habari zenu wakuu. Naomba wenye uelewa wa hoki ya barafu wanisaidie, hasa kama humu kuna mtu amewahi kuicheza kwa kulipwa, maana mimi ni mtazamaji tu, naangalia NHL, ile ligi kubwa ya Marekani na Canada, usiku watu wakiwa wamelala.

Kinachonisumbua ni fainali ya 2024. Kombe ni la anayewahi kushinda mechi 4, Florida Panthers walitangulia mechi 3 kwa 0 dhidi ya Edmonton Oilers, kila mtu akasema imeisha hiyo, alafu Oilers wakashinda 3 mfululizo ikabidi waende mechi ya saba, Florida wakashinda 2-1 wakabeba kombe. Baada ya king'ora wachezaji wakapanga mstari wakapeana mikono mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yao kila mfululizo wa mtoano unapoisha, na Connor McDavid kapteni wa Oilers alikuwemo kwenye mstari, akawapa mkono wote waliomnyima kombe. Dakika chache baadaye akatangazwa yeye kuwa mchezaji bora wa mtoano mzima, pointi 42 (magoli na asisti, yaani pasi za goli, ukijumlisha), na asisti peke yake 34 ambayo ni rekodi, na hakutokea kuichukua tuzo. Jina limesomwa, tuzo iko mezani, mwenyewe yuko chumbani.

Kuna watu walimsema hana heshima. Mimi roho iliniuma, nikahisi namwelewa ila siwezi kueleza kwa nini. Mtu anaweza kuwapa mkono waliomfunga alafu anashindwa kupokea sifa zake mwenyewe, hii imekaaje? Na la pili, hawa jamaa kila wakihojiwa ni timu, timu, timu. Ni kweli wanaishi hivyo au ni maneno ya kuwapa waandishi wa habari? Maana yupo anayecheza dakika 25 na yupo anayecheza dakika 8, sasa ushindi unakuwaje wa wote sawa?

Gongo_la_Kushoto:

Dada Nyota, nakujibu kama mtu ambaye hii ndo kazi yake. Nacheza Sweden, sio ligi ya juu, ni ile inayofuata chini yake, niko laini ya nne, yaani kundi la mwisho la washambuliaji wanaopokezana, na kazi yangu kubwa ni kuzuia pale tunapokuwa pungufu kwa sababu mwenzetu yuko kwenye kiboksi cha adhabu. Kwa hiyo mimi ndo huyo wa dakika 8 uliyemtaja.

Naanza na swali la pili maana ukilielewa hilo, la McDavid linakuwa jepesi. Kwenye soka watu 11 wanaanza na wengi wao wanamaliza. Kwetu mko 6 kwenye barafu kipa akiwemo, ila waliovaa jezi usiku huo ni kama 20, na zamu yako ni sekunde 40 mpaka 50 hivi, unakimbia kwa nguvu zote ulizonazo alafu unatoka anaingia mwingine, na mchezo hausimami kwa ajili yenu. Hakuna mtu wa kuinua kibao cha namba. Unakuja mbio kuelekea benchi, laini inayofuata imeshaitwa, yule anayekupokea ameshapandisha mguu mmoja juu ya ubao na anakuangalia wewe tu, kisahani (ndo tunachocheza badala ya mpira) kiko wapi hana habari nacho, na anaruka ukiwa umebakiza hatua chache. Akiruka mapema mnakuwa wengi uwanjani, mnakula adhabu ya dakika 2. Akichelewa kuna pengo na mpinzani analiona kabla yenu. Na wewe unayetoka ukichagua wakati mbaya, yaani ukaondoka wakati wapinzani wanapanda, unamwingiza mwenzako akiwa tayari ameachwa nyuma na mtu ambaye hawezi kumkamata tena, goli likiingia yeye ndo anaonekana kwenye picha, wewe umeshakaa unakunywa maji.

Timu kwetu iko hapo kwenye ubao wa benchi. Kuna watu nimecheza nao misimu mizima ambao nje ya uwanja hatuna hata stori za kupiga, lakini nilikuwa najua akiishiwa pumzi atakisukuma kisahani mbele kwanza ndo atoke, ili mimi niingie salama. Huyo namwamini na maisha yangu. Na kuna mwenye kipaji kikubwa anayeng'ang'ania kubaki sekunde 90 kwa sababu ananusa goli, chumba kizima kinamjua, na hata akifunga benchi linagonga magongo kwa adabu tu.

Sasa kufungwa. NHL wana mechi zaidi ya 80 kabla ya mtoano, hakuna timu duniani inayoweza kupita hapo bila kufungwa mara nyingi, kwa hiyo kufungwa kwa mwezi wa 11 ni sehemu ya kazi, kesho yake kuna video, kocha anaonyesha vipande vichache, kila mtu anajiona alipolala, mnaingia mazoezini, yamepita. Kufungwa kwa kuondolewa ni kitu kingine kabisa. Mnarudi chumbani mnakaa na vifaa vyote mwilini, jasho linapoa mgongoni, na hakuna anayevua. Soksi zetu zinafungwa kwa tepu kuzunguka miguu ili vikinga vya ugoko visihame, sasa sauti ya kwanza utakayoisikia ni mtu anachana hiyo tepu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, maana ukivua umekubali. Unaangalia huku na huku unajua mkataba wa huyu unaisha, yule anauzwa, yule goti limekwisha na anastaafu. Hawa watu 20 hawatakaa tena kwenye chumba kimoja hata kama klabu itacheza miaka mia. Mimi hicho ndo kinachoniuma, kombe lenyewe linafuata baadaye.

Kwa hiyo McDavid siwezi kuingia moyoni mwake, ila najua hiyo dakika. Unaitwa uende ukapokee kitu chako peke yako, wakati wale ulioteseka nao miezi miwili wako ndani na hawajavua viatu. Kuwapa mkono Florida ni rahisi zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu hao ndo watu pekee nje ya chumba chenu wanaojua ilikugharimu nini. Ubavu unaokuuma ni wao wamekuumiza na wao wana za kwao kutoka kwako.

Mzee_wa_Takwimu:

Mkuu Gongo umeeleza vizuri sana, nina la kuongezea na la kukupinga.

La kuongezea ni habari ya Ray Bourque. Beki wa Boston Bruins, msimu baada ya msimu mmoja wa mabeki bora duniani na kombe hana. Machi 2000 akapelekwa Colorado Avalanche, na 2001 wakawafunga New Jersey mechi ya saba, jamaa ana miaka 40 na huo ni msimu wake wa 22. Desturi ni kapteni anakabidhiwa Stanley Cup, ananyanyua yeye kwanza na kuzunguka nalo kidogo. Kapteni alikuwa Joe Sakic. Akalipokea, hakulinyanyua, akamgeukia Bourque akampa palepale. Lile kombe ni kilo 15 na ushee, ila angalia uso wa Bourque akilipandisha juu ya kichwa utadhani amebeba mtoto wake. Baada ya hapo akastaafu. Kwa anayeuliza ushindi ni wa nani, mimi namwonyesha hiyo video na sisemi kitu.

La kupinga. Tusiwe watu wa kujifariji, nyota ndo wanaamua. Wayne Gretzky alifunga magoli 894, rekodi ilikaa mpaka Aprili 2025 Ovechkin alipoivunja. Mwondoe Gretzky kwenye Oilers ya miaka ya 80 unabaki na nini? Makombe manne (1984, 1985, 1987, 1988) yote yeye yumo. Laini ya nne inazuia sawa, inaumia sawa, lakini mashabiki hawalipi kiingilio kuangalia mtu akilala mbele ya shuti.

Gongo_la_Kushoto:

Mzee wangu shikamoo, takwimu zako ni sahihi ila umechukua nusu yake. Magoli 894 ndiyo, asisti je? Ni 1,963. Ukimfutia magoli yote asibakiwe na hata moja, hizo asisti zenyewe bado zinazidi pointi za mchezaji mwingine yeyote wa NHL, magoli na asisti zake ukijumlisha. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kusema mimi, mimi, sehemu kubwa ya ukubwa wake ni kumpa mwingine. Na kumbuka hoki inaandika asisti mbili kwa goli moja, yaani hata aliyetoa pasi kabla ya pasi ya mwisho jina lake linaingia. Mchezo wenyewe umekataa kwamba goli ni la mtu mmoja.

Alafu Agosti 1988 wakampeleka Los Angeles Kings, Canada nzima ikalia, na 1990 Oilers wakachukua kombe bila yeye, kapteni akiwa Mark Messier. Simpunguzi Gretzky hata chembe. Nasema waliobaki walikuwa wameshajifunza kushinda, na walijifunza kwa kufungwa. Kuna tukio Gretzky amelisimulia mwenyewe mara nyingi, fainali ya 1983, New York Islanders waliwafagia mechi 4 kwa 0 na hilo lilikuwa kombe la nne mfululizo la Islanders. Vijana wa Oilers wakati wanaondoka wakapita mlangoni kwa washindi wakitegemea kukuta shangwe imepamba moto, wakakuta watu wamefungwa barafu magotini na mabegani, wamepondeka, hawana hata nguvu ya kusherehekea. Wao Oilers walikuwa wanatembea vizuri tu, wazima. Mwaka uliofuata wakakutana tena fainali, Oilers wakashinda 4 kwa 1.

Na hilo la kulala mbele ya shuti naomba uliheshimu mzee. Kisahani kimetengenezwa kwa raba ngumu, gramu 156 mpaka 170, kinagandishwa kabla ya mechi ili kisirukeruke, na mashuti makali yanapita kilomita 150 kwa saa. Mimi nikikizuia na kifundo cha mguu tukiwa pungufu, benchi lote linasimama. Hiyo sauti ya magongo yakigonga ubao haipo kwenye takwimu za mtu yeyote na ndo mshahara wangu wa kweli, nasema hivyo na nina watoto wa kulisha.

BintiBarafu:

Jamani mnaongelea wanaume tu, ngoja nilete ya kina dada maana kwa kufungwa kunakouma sijaona kama Olimpiki ya Sochi 2014.

Marekani wanaongoza 2-0 dhidi ya Canada, zimebaki dakika 3 na nusu hivi. Canada wakapata moja. Wakamtoa kipa ili waongeze mshambuliaji, goli likabaki wazi, Mmarekani mmoja akakipiga kisahani kutoka mbali kabisa, kinateleza taratibu kuelekea goli tupu, dunia nzima inakiangalia, kikagonga nguzo. Nguzo! Kisahani kikarudi mchezoni na ikiwa imebaki chini ya dakika moja Marie-Philip Poulin akasawazisha, alafu dakika za nyongeza Poulin huyohuyo akamaliza, 3-2. Sasa niambieni hapo nani aliwafungisha Marekani? Aliyepiga ile nguzo alifanya kila kitu sawa.

Na kwenye Olimpiki kuna ukatili mwingine watu hawaufikirii, mwenye shaba amemaliza kwa kushinda mechi yake ya mwisho, mwenye fedha anavishwa medali kwa sababu amefungwa. 2018 Pyeongchang ikageuka, Marekani wakashinda kwa mapigo ya mmoja mmoja, na mchezaji mmoja wa Canada aliivua medali ya fedha shingoni palepale alipovishwa. Alikosolewa dunia nzima mpaka akaomba radhi. Mimi simlaumu. Miaka minne unaamka alfajiri, alafu unaambiwa tabasamu.

Ila ninachowapendea wale wa Marekani ni kwamba kati ya waliokuwepo siku ya nguzo wengi walirudi 2018 wakacheza pamoja tena.

Mzee_wa_Takwimu:

Marahaba kijana, kwenye asisti umenibana kihalali. Ila nikuulize hili la Tampa Bay Lightning unalielezaje. Msimu wa 2018-19 walishinda mechi 62, wakaingia mtoano kama wafalme, Columbus wakawafagia raundi ya kwanza 4 kwa 0. Wachezaji karibu ni walewale, kocha yuleyule Jon Cooper, na 2020 wakachukua kombe, 2021 wakachukua tena. Boston nao 2022-23 wakashinda 65 ambayo ni rekodi, pointi 135 kwenye msimamo, wakaongoza 3 kwa 1 dhidi ya Florida iliyoingia mtoano kwa chupuchupu, mechi ya saba Florida wakasawazisha dakika ya mwisho na wakashinda kwenye nyongeza. Kama timu ndo kila kitu, hizi zilikuwa timu bora msimu mzima. Iliyeyukia wapi?

Gongo_la_Kushoto:

Swali zuri mzee na nimelifikiria sana kwa sababu hata sisi ngazi zetu tunaliona. Timu inayoshinda kila siku haijawahi kukaa pamoja ikiwa inazama. Wanajuana wakiwa mbele kwa magoli mawili, hawajuani wakiwa nyuma. Mchezo wa kwanza wa ule mfululizo Tampa waliongoza 3-0 wakafungwa 4-3, na kuanzia pale unaona kila mmoja anataka kurekebisha peke yake, zamu zinarefuka, pasi rahisi hazitolewi, mtu anajaribu kupita watatu. Kila mmoja ana nia njema kabisa! Hicho ndo kinachotisha, timu haivunjwi na wavivu peke yao, inavunjwa na watu wazuri wanaojaribu kuiokoa kila mtu kivyake.

2020 wakapangwa tena na Columbus hao hao raundi ya kwanza, mechi ya kwanza ikaenda mpaka nyongeza ya tano, yaani vipindi 3 vya kawaida na vingine karibu 5 juu yake, mpaka Brayden Point akafunga. Ukiangalia Tampa ile, zamu fupi, kisahani kinatolewa nje bila mbwembwe, hakuna anayetafuta sifa. Watu walewale. Walikuwa wamebeba aibu ya mwaka mzima pamoja na hakuna aliyemtupia mwenzake. Na Florida yako hiyo, 2023 baada ya kuwatoa Boston wakafika fainali wakafungwa na Vegas, 2024 wakarudi wakachukua, 2025 wakachukua tena.

Nyota_ya_Saba:

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Kaka Gongo, naomba nikuulize moja la mwisho. Kuna ile takwimu ya kujumlisha na kutoa, timu yako ikifunga mkiwa sawa kwa idadi kila aliyepo uwanjani anapata +1, mkifungwa wote mnapata -1, hata kama umeingia sekunde ile ile hujagusa kitu. Wewe inakuuma? Na mtu kama mimi nikitaka kuiona hiyo timu unayoisema kwenye televisheni, niangalie wapi, maana kamera iko kwenye kisahani muda wote.

Gongo_la_Kushoto:

Inauma dada, mwanzoni ilikuwa inaniuma sana, maana kwenye mkataba kuna mtu anaweza kuisoma hiyo namba bila kujua ilikujaje. Lakini nimeshapata +1 nyingi ambazo sikufanya lolote, nimeruka tu ubao nikakuta wenzangu wanashangilia, na sijawahi kwenda kwa mwandika takwimu nikamwambia nifutie. Kwa hiyo -1 ya mwenzangu nikiibeba sioni kama nimeonewa. Kinachonisaidia ni kwamba hakuna muda wa kuitafakari, unakaa benchi dakika mbili hivi, kocha anakuita tena, na ukiingia bado unafikiria goli la nyuma utafungisha lingine. Aliyekaa pembeni yangu huwa anagonga helmeti yangu mara moja na kusema inayofuata, basi. Akifungisha yeye namgonga mimi.

Cha kuangalia, subiri kipindi cha pili. Timu zinabadilishana upande wa uwanja, kwa hiyo benchi lenu linakuwa mbali na goli mnalolinda, mkibanwa nyuma hamna pa kutokea, miguu imekufa, kila mmoja analiona benchi liko kule ng'ambo. Mkikipiga kisahani hovyo mpaka mwisho wa uwanja kujiokoa, NHL tangu msimu wa 2005-06 hawaruhusu aliyefanya hivyo kubadilisha wachezaji, mnarudi kupanga palepale mkiwa walewale mliochoka. Hapo achana na kisahani, waangalie wale watano. Utamwona mmoja ana nafasi ya kukimbilia benchi na haendi, anabaki kuziba nafasi ya beki aliyeanguka. Msome namba ya jezi mgongoni alafu kesho tafuta jina lake kwenye matokeo, mara nyingi hutalikuta popote.

BintiBarafu:

Nyota, fainali zikianza nitafute tuangalie pamoja huku tunachat, na mimi huwa naziangalia peke yangu usiku. Mzee wa Takwimu naye aje ila asianze na Gretzky.

Mzee_wa_Takwimu:

Nitakuja. Na ile video ya Bourque naituma sasa hivi, iangalieni mpaka mwisho, mtazameni Sakic akiwa amesimama nyuma yake.